Kamustari kadogo nyuma ya ekrani: historia ya machaguo ya vilinda-ekrani, 1983 mpaka 2021



Kila mutu mwenye alipita mu chumba cha kompyuta cha chuo ao mu biro fulani alionaka ile michoro inayotembea yenyewe ku ekrani wakati hakuna mwenye kugusa klavye: nyota zinazokuja mbele, mistari inayojikunja, mabomba ya rangi yanayojijenga mpaka kujaza ekrani yote. Hapa nitaiita kilinda-ekrani. Wengi wetu tunaichukuaka kama pambo tu, kitu cha kupoza macho ya mutu anayengoja karatasi yake itoke ku mashini.

Lakini nyuma ya hilo pambo kuko historia yenye inatuhusu sisi watu wa masomo, hata kama haukusoma mambo ya kompyuta. Ni historia ya swali hili: mashini ikiwa mbele yako, nani anaamua namna itafanya kazi? Ni yule aliyeandika programu, ao ni weye unayekaa mbele yake? Mu hii miaka yote, jibu limekaa mu kitu kidogo sana: kamustari kamoja ka maandishi, kenye maneno mafupi kama -root, -delay, -mode. Tukaite mustari wa amri. Yale maneno yenye kistari mbele tuyaite machaguo. Nataka nionyeshe kwamba hayo machaguo yaliwapa watu uhuru, na kwa njia yenye wengi hawakuitazamia, yaliwapa usalama pia.

1. 1983: dakika tatu, basi

Tuanze na sababu. Ekrani za zamani, zile nene zenye mugongo mukubwa, zilikuwa na bomba la kioo ndani. Elektroni zilitoka nyuma na kupiga ukuta wa mbele, wenye kupakwa fosfori, na fasi zilipopiga palitoa mwangaza. Shida ni kwamba fosfori inachoka. Kama herufi zile zile zinakaa fasi moja siku nzima, miezi na miezi, fosfori ya pale inachakaa kuliko ya pembeni. Mwishowe kivuli cha herufi kinabaki pale hata mashini ikiwa imezimwa.

Mu mwezi wa 12 mwaka 1983, gazeti moja la Marekani, Softalk, lilichapisha programu ndogo ya John Socha yenye jina SCRNSAVE, kwa ajili ya kompyuta IBM PC. Huyu njo yule Socha aliyejulikana baadaye kwa programu Norton Commander. SCRNSAVE ilifanya kitu kimoja: kama hakuna kinachotendeka kwa dakika tatu, inazima picha. Ekrani inabaki nyeusi. Hakuna nyota, hakuna mabomba.

Sasa muangalie hili. Kama dakika tatu hazikukufaa, ulitaka tano ao kumi, hapakuwa fasi ya kusema hivyo. Ilibidi ufungue maandishi ya programu yenyewe, ubadilishe hesabu humo ndani, kisha uijenge programu upya. Mwenye kujua lugha ile ya mashini, sawa. Wengine wote walibaki na dakika tatu za Socha. Simulaumu: programu ilitoka mu gazeti, na kwa vile watu waliinakili herufi kwa herufi, ufupi ulikuwa neema. Lakini tukumbuke hali ilivyoanza. Uamuzi wote ulikuwa mu mukono wa muandishi.

2. Kistari kilitoka wapi

Mu ulimwengu mwingine wa kompyuta, dawa ya shida hiyo ilikuwa imepatikana zamani. Unix ilianza mwaka 1969 ku Bell Labs, mu mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kitabu chake cha kwanza cha maelezo kilitoka mu mwezi wa 11 mwaka 1971. Humo tayari amri ls, yenye kuonyesha majina ya mafaili, ilikuwa na machaguo ya herufi moja moja: -l kwa orodha ndefu, -t kwa kupanga kufuata wakati. Kistari kilisema hivi: neno linalofuata si jina la faili, ni namna ninavyotaka ufanye kazi.

Ni sawa na kwenda kwa mama mwenye kuuza sombe. Sombe ni sombe, lakini unaweza kumuambia: mama, pilipili kidogo, mafuta mingi, samaki usitie. Hauingii mu jikoni lake. Socha alitupatia sombe nzuri, ila kwa kupunguza chumvi ilibidi uingie jikoni na kupika upya weye mwenyewe.

Mwaka 1984, ku chuo MIT kule Marekani, Robert Scheifler na Jim Gettys walianzisha X, mupango wa kuchora madirisha ku ekrani za mashini za Unix. Toleo la 11, lenye lingali linatumika mpaka leo, lilitoka mwaka 1987. X ilikuwa na tabia moja ya pekee: programu inaweza kukimbia ku mashini moja na kuchora ku ekrani ya mashini nyingine kupitia waya. Kwa hiyo ilibidi programu iambiwe fasi ya kuchora. Njo kukatokea chaguo -display. Kando yake kukaja -geometry kwa ukubwa wa dirisha, -fg na -bg kwa rangi ya mbele na ya nyuma. Haya hayakuwa tena herufi moja moja, yalikuwa maneno mazima nyuma ya kistari kimoja, na programu nyingi za X ziliyapokea yote bila muandishi kuhangaika.

X ilikuwa pia na kilinda-ekrani kidogo ndani yake. Ukiandika xset s 600, ekrani itazimika baada ya sekunde 600, ni kusema dakika kumi. Tofauti na 1983 munaiona? Ile hesabu iliyofungiwa ndani sasa iko inje, mu mukono wa mutumiaji.

3. xlock: mulinzi mwenye kucheza ngoma

Vyuo na mabiro yalikuwa na shida nyingine, zaidi ya fosfori. Mutu anasimama kwenda kunywa maji, na jirani anakaa fasi yake na kusoma barua zake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Patrick Naughton wa Sun Microsystems, mumoja wa wale walioanzisha baadaye kazi iliyozaa lugha Java, aliandika xlock. Programu hiyo ilifunga ekrani mpaka mwenyewe arudi na kuandika neno la siri. Na kwa kuwa ekrani haikutakiwa kubaki na picha moja, wakati wa kungoja ilichora.

Uchoraji ulichaguliwa kwa mustari wa amri. Ukiandika xlock -mode qix, unapata mistari inayofukuzana. Ukiandika xlock -mode life, unapata ule muchezo wa hesabu wa John Conway wa mwaka 1970, wenye vijumba vinavyozaliwa na kufa kufuata idadi ya majirani. Ukiandika xlock -mode hop, unapata nukta zinazorukaruka na kujenga maumbo ya ajabu. Na -delay ilisema programu ipumzike mikrosekunde ngapi kati ya mafungu ya michoro. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa hiyo -delay 10000 ni sehemu moja ya mia ya sekunde.

Humo mu maelezo ya xlock mulikuwa onyo moja lenye kufundisha mingi. Lilihusu hali blank, ile ya ekrani nyeusi tupu. Mutumiaji aliambiwa asiweke -delay kubwa sana, juu programu iliangalia klavye tu baada ya kila pumziko: utapiga herufi na haitakusikia. Lakini asiweke sifuri vilevile, juu prosesa itazunguka bure, ikiuliza bila kupumua "kuko mutu? kuko mutu?", wakati hakuna kazi yoyote ya kufanya.

Tusome vizuri kilichofichwa humo. Kwa nini kasi ya uchoraji iamue kama mulango unakusikia? Juu mulinzi na mucheza ngoma walikuwa mutu mumoja. Ule muchakato uliolinda neno la siri njo ule ule uliochora mistari. Na kila mutu aliyeongeza muchoro mupya aliongeza maandishi mapya ndani ya mulinzi. Kama hesabu ya muchoro mumoja ina kosa na programu inaanguka, kufuli linaanguka nayo. Mulinzi akivunjika muguu juu ya kucheza, nyumba inabaki wazi.

4. 1992: kila mutu na kazi yake

Mwaka 1992, Jamie Zawinski, aliyekuwa wakati huo ku kampuni Lucid kule California na baadaye mumoja wa wahandisi wa kwanza wa Netscape, alitoa programu XScreenSaver. Wazo lake lilifuata desturi ya Unix: tutenganishe.

Kwa upande mumoja aliweka mulinzi. Huyu anakaa kimya, anahesabu muda, anafunga ekrani, anauliza neno la siri. Hajui kuchora. Kwa upande wa pili ziko programu za michoro, kila moja na jina lake, kila moja na muchakato wake. Hazijui neno la siri, hazijui hata kama ekrani imefungwa. Muda ukifika, mulinzi anaanzisha moja yao kwa mustari wa amri, sawa kabisa na vile mutu angeiandika kwa mukono. Mwenyewe akirudi, mulinzi anaiua tu.

Mazungumuzo yote kati ya hizo pande mbili yanapita mu ule kamustari. Mu faili moja ya mutumiaji, yenye jina .xscreensaver, kuko orodha ya mistari kama hii:

attraction -root -mode balls -points 10
qix -root -delay 20000
- maze -root

Mustari wa kwanza unasema: chora vidude kumi vyenye umbo la mipira, vinavyovutana na kusukumana. Wa pili unasema: chora mistari, lakini pumzika mara mbili zaidi ya sehemu ya mia ya sekunde. Wa tatu una kistari mbele kabisa, maana yake: hii uipumzishe, siitaki kwa sasa, lakini usiifute.

Neno -root linaonekana fasi zote, na lina maana yake. Mu X, nyuma ya madirisha yote kuko dirisha moja kubwa linalojaza ekrani. Wanaliita dirisha la mizizi. Chaguo -root linaambia programu: usifungue dirisha lako, chora pale. Ukiliacha, programu ile ile inafunguka mu dirisha ndogo la kawaida, na weye unaiangalia ukikunywa chai, ukijaribu hesabu mbalimbali mpaka upate zenye zinakupendeza.

Matunda ya utengano huo yalikuwa matatu. La kwanza: mutu yeyote mwenye programu yenye kujua kuchora fasi ile anaweza kuitia mu orodha, iwe imeandikwa mu lugha gani, bila kuomba ruhusa kwa Zawinski wala kwa nani. La pili: muchoro ukianguka, unaanguka peke yake. Unabaki na ekrani nyeusi, lakini kufuli liko. La tatu: kwa vile kuongeza muchoro hakukuhatarisha mulinzi, watu wengi walileta kazi zao. Hata michoro ya upande wa xlock ililetwa na kuvalishwa nguo mupya. Leo mukusanyo huo una zaidi ya programu 200, zilizotoka kwa mikono mingi ya inchi mbalimbali.

5. Machaguo kama matabaka ya udongo

Mwenye alisoma jeolojia anajua: ukikata mulima, kila tabaka la udongo linakuambia zama zake. Machaguo ya programu hizi ni vilevile.

Chukua -mono. Linatoka mu siku ekrani nyingi zilikuwa na rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Chaguo -install linatoka mu siku ekrani ilijua rangi 256 kwa wakati mumoja, na programu zote ziligawana sanduku moja la rangi. Kwa -install, muchoro ulileta sanduku lake mwenyewe na kupata rangi nzuri zaidi, lakini madirisha mengine yaligeuka rangi za ajabu mpaka sanduku lao lirudishwe. Kijana wa leo mwenye simu ya mamilioni ya rangi hawezi kuwaza kwamba watu waligombania rangi.

Chukua -wireframe. Liliingia na michoro ya vipimo vitatu, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mashini yenye karti nzuri ya picha ilichora magurudumu ya meno yenye kung'aa. Mashini dhaifu ilikwama. Kwa -wireframe programu inachora mifupa tu, mistari bila nyama, na mashini ya zamani inapumua. Chaguo -fps linaandika pembeni ya ekrani picha ngapi zinatoka kwa sekunde. Ni kipimo cha ukweli, kama saa ya mulango inayokuambia umekawia.

Na -delay, yenye ilitoka tangu wakati wa xlock, imebaki yenye maana kuliko zote. Ukiandika -delay 10000, programu haiwezi kupita picha 100 kwa sekunde. Ukiandika -delay 40000, haiwezi kupita 25. Kwa jicho la mutu tofauti ni ndogo. Kwa prosesa ni kubwa, juu inapata muda wa kupumzika, haipashi moto, na inakula umeme kidogo. Mwenye anaendesha mashini yake ku betri ao ku groupe, akihesabu mafuta, anaelewa mara moja kwa nini hesabu hiyo inapaswa kuwa mu mukono wake yeye, si mu mukono wa mutu wa California.

Kuko pia machaguo yenye kubeba kumbukumbu ya mutu fulani. Programu attraction ilikuja na nguvu za kuvuta na kusukuma. Baadaye mutu mwingine aliona vidude vinaenda mbio sana, akaongeza -viscosity, ni kusema uzito wa maji yenye vidude vinaogelea. Mwingine tena aliongeza -walls, kuta za kuzuia vidude visitoke inje ya ekrani. Hakuna aliyelazimika kuvunja kazi ya aliyemutangulia. Kila mumoja aliacha chaguo, na mwenye hataki halitumii.

Halafu kuko programu phosphor, yenye inanichekesha. Inaiga ekrani ya zamani ya herufi kubwa zenye kuzimika polepole, na kwa chaguo -program unaiambia ichukue maandishi ku programu yoyote unayotaka. Fosfori, ile iliyoleta shida ya 1983, sasa imekuwa pambo. Tulianza kwa kuilinda, tukamaliza kwa kuiigiza.

6. Windows na zile herufi tatu

Tusifikiri ni watu wa Unix peke yao. Hata Windows, yenye wengi wetu tulijifunzia, inafanya vile vile kwa siri. Kilinda-ekrani cha Windows ni faili yenye mwisho .scr, lakini ndani ni programu kamili kama zile za .exe. Windows inaianzisha kwa chaguo la herufi moja: /s kwa kuchora ekrani nzima, /c kwa kufungua dirisha la mipangilio, /p kwa kuonyesha kapicha kadogo mu dirisha la kuchagulia.

Wazo ni lile lile: programu iliyojitenga, inayoambiwa kazi yake kwa mustari. Tofauti ni kwamba mutumiaji hakufundishwa kuiona. Na kutokuona kulikuwa na bei. Kwa kuwa watu wengi hawakujua kwamba .scr ni programu kamili, waovu waliitumia kama ngozi ya kondoo. Kirusi MyDoom, kilichoenea ulimwenguni kupitia barua za intaneti mu mwezi wa 1 mwaka 2004, kilijibandika ku barua kwa majina mbalimbali, na .scr ilikuwa mumoja wa mikia yake. Mutu alizani anafungua picha. Kumbe alikuwa anatoa amri.

7. Wakati mulango ulifungwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, XScreenSaver ilipata dirisha nzuri la mipangilio. Kila programu ya michoro ilipewa faili fupi yenye kueleza machaguo yake, na dirisha lilijijenga lenyewe kufuata faili hiyo: kisanduku cha kutia alama kwa chaguo hili, kitelezi cha kusukuma kwa chaguo lile. Unasukuma kitelezi cha kasi upande wa "haraka", na chini yake programu inaandika -delay ndogo. Dirisha lilikuwa nguo; mwili ulikuwa ni ule ule mustari. Wasiopenda kuandika walipata njia, na wapenda kuandika hawakupoteza kitu. Mwaka 2006, wakati mukusanyo huo ulihamishwa ku mashini za Apple, faili zile zile zilijenga madirisha ya kule.

Karibu na wakati huo, upande wa GNOME, wenye kutengeneza sura ya mashini nyingi za Linux, walitoa programu yao: gnome-screensaver. Ilitumia michoro ile ile, lakini iliondoa mipangilio. Sababu yao ilikuwa urahisi: mutu wa kawaida asichanganyikiwe na vitelezi. Ubuntu iliichukua, na kati ya mwaka 2005 na 2011 CD za Ubuntu zilitumwa bure ku inchi nyingi za dunia, Afrika ikiwemo. Zilifaa mashini za zamani, zile zenye Windows mupya iliziona wazee.

Sasa mwenye mashini dhaifu akitaka kuongeza -delay, ao kutia -wireframe ili mashini isikwame, angefanya nini? Dirisha halikuwa na fasi ya kuisemea. Ilibidi atafute haki za musimamizi wa mashini, aingie mu folda /usr/share/applications/screensavers, afungue faili ya ule muchoro, na atie chaguo lake kwa mukono mwishoni mwa mustari unaoanza na neno Exec. Chaguo lilikuwa lingali lipo, ila mulango wake ulikuwa umepakwa rangi ya ukuta. Miaka zaidi ya 20 baada ya Socha, tulirudi jikoni.

Mwaka 2011, GNOME 3 iliondoa michoro kabisa. Ekrani inazimika, basi. Tuwe wa haki: walikuwa na hoja. Ekrani nyembamba za leo hazichakai kama zile za fosfori, na njia nzuri ya kuokoa umeme ni kuzima ekrani, si kuichorea nyota. Mimi pia silii juu ya nyota. Ninachouliza ni kingine: nani aliamua, na yule mwenye hakukubaliana aliachiwa njia gani?

8. 2021: watoto wawatungia wahandisi mutihani

Mu mwezi wa 1 mwaka 2021, baba mumoja alieleza mbele ya watengenezaji wa Linux Mint kwamba watoto wake walifungua kompyuta yake iliyofungwa. Hawakujua neno la siri. Walipigapiga tu vifungo, vya klavye ya kweli na vya klavye ya kuchorwa ku ekrani, vyote kwa pamoja, mpaka programu ya kufunga ikaanguka. Ilipoanguka, mashini ikabaki wazi mbele yao.

Kosa lilitengenezwa haraka. Lakini sababu ya ndani ni ile ile ya xlock: mulinzi alibebeshwa kazi nyingine. Safari hii hakuwa anacheza ngoma, alikuwa anachora klavye na madirisha mazuri kwa kutumia maktaba kubwa za programu, na kosa lililokuwa mu kipande kimoja cha pambo lilivunja kufuli. Zawinski alikuwa ameandika onyo hilo miaka mingi mbele: programu yenye kufunga ikianguka, kufuli linafunguka, kwa hiyo iwe ndogo na isitegemee vitu vingi.

Mwaka ule ule wa 2021 alitoa toleo 6.00, na humo alimugawa hata mulinzi wake mwenyewe mara tatu. Programu xscreensaver inashika klavye na kipanya na kufunga, karibu hakuna kingine. Programu xscreensaver-gfx inashugulika na michoro. Programu xscreensaver-auth inauliza neno la siri. Mbili za mwisho zikianguka, ya kwanza ingali imeshika mulango. Wazo la 1992 lilisukumwa mpaka mwisho wake.

9. Tubaki na nini

Mu historia hii ninaona kitu kinachopita mambo ya ekrani. Tumezoea kuambiwa kwamba urahisi na usalama vinadai tufiche mambo, tupunguze maswali, tumuachie mutaalamu aamue. Hapa tumeona kinyume. Programu iliyoacha machaguo yake inje, mu mustari wenye kila mutu anaweza kuusoma, njo iliyolazimika kutenganisha kazi, na kwa kutenganisha kazi njo ikabaki imara. Zile zilizochanganya vyote ndani ya mwili mumoja mutamu wa macho njo zilizoanguka mbele ya watoto.

Na kwa vijana wetu wanaosoma informatika, iwe Lubumbashi, Bukavu, Goma ao kwingine, kuko mwaliko humu. Muchukue mashini yoyote yenye Linux, hata ya zamani, mutie XScreenSaver, mufungue terminali na muandike attraction bila -root. Dirisha litafunguka. Mulifunge, muandike tena na -points 3, halafu na -viscosity 0.9. Kisha mufungue maandishi ya programu na mutafute fasi lile neno linapokelewa. Siku mutakapoandika programu zenu, ya duka, ya hospitali, ya shule, mujiulize ku kila hesabu munayoitia: hii ni yangu ya kuamua, ao ni ya yule atakayeitumia? Kama ni yake, muiache inje, mu mustari, na jina lenye anaelewa.

Wale wenye walitumia mashini za Unix ku vyuo vyetu miaka ile, mutuandikie hapa chini vile mulivyoona. Na wenye mawazo tofauti juu ya GNOME, mulete pia, tujadiliane kwa heshima.